Padri profesa, nyama ya nguruwe na kapu letu la sadaka: pesa za Wakristo wanaoteswa zinaenda wapi hasa?

#1 Mwalimu_wa_Chaki (Kisumu), Jumatatu, saa 2:14 usiku

Wadau, tumsifu Yesu Kristu. Na wale wa upande mwingine, habari za jioni.

Jana baada ya Misa ya pili mwenyekiti wa jumuiya alitangaza sadaka maalum ya Wakristo wanaoteswa duniani. Kapu likazunguka. Nyuma yangu kulikuwa na mzee mmoja fundi wa baiskeli, mtu wa maneno machache. Akaniinamia: "Mwalimu, hii inaenda wapi?" Nikamwambia inaenda kwa Wakristo wanaoteswa. Akasema, "Hiyo nimesikia. Nimeuliza inaenda wapi."

Sikuwa na jibu. Nafundisha historia na dini kidato cha tatu, nimesahihisha insha za mateso ya Wakristo wa kwanza mpaka macho yakauma, na fundi baiskeli ameninyima usingizi kwa maneno matatu. Nimesoma usiku kucha na leo kutwa. Nitaandika kirefu, mwenye haraka apite.

Aliyenivuta kwanza ni padri mmoja wa Poland, Waldemar Cisło. Ni profesa wa teolojia katika Chuo Kikuu cha Kadinali Stefan Wyszyński kule Warsaw, na ameongoza tawi la Poland la shirika la kipapa la Makanisa Hitaji, lile ambalo wengi wanalijua kwa herufi tatu, ACN (Aid to the Church in Need). Mtu wa darasani kabisa, ila safari zake zimemfikisha Syria na Irak wakati wengine wanatoka huko mbio. Nikajiuliza, profesa na magunia ya unga, wapi na wapi?

Ili kumwelewa ilibidi nirudi kwa mtu mwingine ambaye hakuwa profesa hata kidogo. Werenfried van Straaten, Mholanzi, mzaliwa wa Mijdrecht mwaka 1913, mtawa wa Wanorbertini katika abasia ya Tongerlo, Ubelgiji. Sasa vuteni picha. Vita vimeisha 1945. Wajerumani zaidi ya milioni 12 wamefukuzwa kutoka Ulaya ya mashariki, wamerundikana kwenye mahandaki ya saruji na mabaki ya nyumba, watoto kwa wazee. Na Wabelgiji wenyewe wamekaliwa kimabavu na jeshi la Ujerumani mara mbili ndani ya miaka 30. Kila kijiji kina kaburi. Halafu Krismasi ya 1947 padri huyu anaandika kwenye jarida la abasia yake: tuwasaidie Wajerumani.

Hebu fikirieni mtu asimame sokoni Burnt Forest, Februari 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, moshi bado unatoka kwenye mapaa, aombe mchango kwa ajili ya "wale wa upande ule". Angefika nyumbani?

Lakini walitoa. Wakulima wa Flanders hawakuwa na pesa mkononi, walikuwa na nguruwe. Basi akaomba walichonacho, mafuta ya nguruwe na bekoni, vipande kwa vipande, akapita kijiji kwa kijiji, shule kwa shule. Akina mama wakakata, yeye akapakia. Jina likamganda mpaka kufa kwake 2003: Padri Bekoni. Alikuwa na kofia kubwa nyeusi iliyochakaa, ndiyo ilikuwa kapu lake. Anahubiri, anaitoa kichwani, inazunguka.

Kule Ujerumani kulikuwa na mapadri waliowafuata wakimbizi kwa miguu, mkoba mgongoni, kijiji hadi kijiji. Akawatafutia pikipiki na magari. Kuanzia 1950 akaenda mbali zaidi, malori makubwa yakageuzwa makanisa: unafika uwanjani, unafungua lori, altare hii hapa, na nyuma chakula na nguo. Hivyo ndivyo shirika lilivyozaliwa. Papa Benedikto XVI alilifanya taasisi ya kipapa mwaka 2011, na makao yake makuu yako Königstein, Ujerumani, nchi ileile iliyokuwa ya kwanza kupokea bekoni.

Na Poland? Miaka yote ya ukomunisti Poland ilikuwa upande wa kupokea. Mwaka 2006 ikafungua ofisi ya kutoa. Huyo profesa wetu ndiye akapewa mlango huo.

Sasa mimi na fundi wangu tuko Kisumu. Nyanya zetu walipokea kutoka kwa Mill Hill: dawa, madaftari, blanketi za mistari. Mimi mwenyewe nilisoma katekisimu kwa kile kitabu kidogo cha Biblia ya watoto cha ACN, ambacho walianza kukichapa 1979. Sijawahi kujiona kama mtoaji. Ninyi mnaonaje?

#2 Kondele_Boy

Uzi una mifupa, weka nyama.

#3 Kondele_Boy

Ah, kumbe nyama ni ya nguruwe. Endelea.

#4 HesabuKwanza (Nakuru)

Mwalimu, hadithi tamu. Mimi ni mtu wa vitabu vya hesabu, siyo vya dini. Kofia ya 1947 ilijaa mbele ya macho ya watu, na lori likaondoka mbele ya macho ya watu. Kapu lenu la jana limeingia sakristia. Hiyo ndiyo tofauti.

Nimekaa kwenye kamati za fedha za kanisa miaka minane hapa Nakuru. Naweza kukwambia bei ya kila bati la paa letu, lakini sadaka maalum? Inatangazwa, inahesabiwa, inaandikwa kwenye ubao mlangoni, kwisha. Wiki inayofuata kuna nyingine. Sisemi kuna mwizi. Nasema hakuna anayerudi kutuambia. Fundi wako ameuliza swali la mkaguzi, usimjibu kwa historia.

Na hao wakubwa wa Königstein, wanapata wapi pesa? Serikali za Ulaya?

#5 Mwalimu_wa_Chaki

HesabuKwanza, umenipiga panapouma, na Jumatano nitamfuata Baba Paroko. Nakujibu hilo la mwisho kwanza.

Hapana, si serikali. Ni watu binafsi, wengi wao wa kawaida kabisa, pensheni na mishahara. Kwa mwaka wanakusanya zaidi ya euro milioni 100 na kugharamia miradi zaidi ya 5,000. Sehemu kubwa inapita njia ambayo sikuitarajia: nia za Misa. Mkristo wa Ulaya anatoa stipendi, yaani sadaka ya kuombewa Misa, padri wa Kongo au Irak anaadhimisha Misa kwa nia hiyo, na ile stipendi ndiyo sabuni na mafuta ya taa ya padri. Na ombi la mradi haliendi bila barua ya askofu wa mahali. Padri hawezi kuamka tu akaandika "naomba Land Cruiser".

Lakini kilichonifungua macho kuhusu kwa nini profesa ni jambo la Ninawi, Irak. Usiku wa tarehe 6 Agosti 2014 mji wa Qaraqosh, mji mkubwa wa Wakristo kuliko yote nchini humo, uliachwa mtupu, watu wakiwakimbia wapiganaji wa ISIS. Watu wa bonde lote la Ninawi, zaidi ya laki moja, walikimbilia Erbil kwa magari na kwa miguu. Wakalala makanisani, kwenye bustani, kwenye majengo yasiyo na madirisha. Mwanzoni msaada ulikuwa ule wa kila mahali: chakula, magodoro, makontena ya kuishi. Hapo hahitajiki profesa. Anahitajika mtu mwenye lori.

Miji ikakombolewa mwishoni mwa 2016. Machi 2017 makanisa matatu, Wakaldayo, Wasiria Wakatoliki na Wasiria Waorthodoksi, yakaunda kamati moja ya ujenzi pamoja na ACN. Unajua kazi ya kwanza ya kamati ilikuwa ipi? Kuhesabu nyumba. Moja moja. Takriban 13,000 zilizoharibiwa, kila moja ikatiwa katika fungu lake: hii imebomoka kabisa, hii imechomwa, hii imeguswa tu. Zilizoguswa tu zikatangulia, maana kwa pesa ileile familia nyingi zaidi zinarudi upesi, na familia zikirudi duka linafunguliwa, na duka likifunguliwa mwenye nyumba iliyochomwa naye anapata moyo. Wenye nyumba za kwanza kujengwa wakapewa miche ya mizeituni wapande.

Kaka, hiyo ni kazi ya mtu aliyezoea kusahihisha mitihani. Mwenye huruma peke yake angeanza na nyumba inayoliza zaidi kwenye picha.

#6 HesabuKwanza

Hapo sasa tunaongea lugha moja. Mafungu matatu, nimependa. Bado nasubiri Jumatano.

#7 Ustadh_wa_Mumias

Assalamu alaykum. Ya nguruwe nimeiruka, mengine nimesoma yote.

Mwalimu hujataja herufi. Julai 2014 kule Mosul, kabla ya Qaraqosh kuanguka, nyumba za Wakristo zilipigwa alama ya nuni, ن, kwa rangi ukutani. Nuni ya Nasara, yaani Wakristo. Sisi kwa Kiswahili tunasema Manasara, neno la kawaida tu, bibi yangu aliwaita hivyo majirani zake na bado akiwapelekea futari. Kwa hiyo nilipoona ile herufi kwenye runinga niliumia kwa namna yangu. Ni herufi ninayowafundisha watoto wa madrasa wa miaka mitano. Nuni, kibakuli chenye nukta. Siku ile nilishindwa kuiandika ubaoni, nikaruka kwenda wau.

Sasa swali langu, na lisichukuliwe vibaya. Mumias ni mji wa misikiti na makanisa tangu enzi za Nabongo. Kwa nini msaada uitwe wa Wakristo? Mwislamu aliyechomewa nyumba Mosul na watu walewale, Yazidi aliyeuziwa binti yake sokoni, hao wanapanga foleni gani?

Na nitaje jina moja: Salah Farah. Mwalimu, naibu mkuu wa shule, Mwislamu. Tarehe 21 Desemba 2015 basi lilikuwa linaelekea Mandera, Al-Shabaab wakalisimamisha wakawataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu wakakataa. Wanawake wakavua mitandio yao kuwafunika wenzao wa Kikristo. Farah akapigwa risasi, akafariki Januari 2016 hospitalini Nairobi. Kwenye sadaka zenu, mjane wa mtu kama yule yuko fungu lipi?

#8 Binti_wa_Shinyalu

Ustadh, asante kwa kumtaja. Na mimi niruhusiwe kutaja upande mwingine wa barabara ileile.

Mwaka mmoja kabla, 22 Novemba 2014, basi lingine kutoka Mandera. Wengi walikuwa walimu wanakwenda nyumbani likizo ya Desemba. Waliambiwa watamke shahada ya Kiislamu. Watu 28 hawakufika. Halafu Garissa, chuo kikuu, 2 Aprili 2015, Alhamisi Kuu. Watu 148.

Binti wa shangazi yangu alikuwa pale. Sitaandika jina lake. Alikuwa mtu wa sala ya alfajiri, na wale wa sala ya alfajiri ndio waliofikiwa mapema. Baba yake alitoka Shinyalu na matatu ya usiku, akakaa Nairobi siku nne, mochari ya Chiromo asubuhi na jioni, mpaka akamtambua kwa soksi. Soksi alimnunulia yeye Kakamega.

Walionusurika wakahamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Rafiki yake wa chumba alikuja kwetu matanga akashindwa kuingia kwenye nyumba yenye watu wengi. Alikaa nje kwenye kigogo cha mparachichi siku nzima. Nyanya akampelekea uji hapohapo na wala hakumsemesha.

Ninachotaka kusema ni hiki. Msaada ulikuja: jeneza, usafiri, rambirambi, viongozi na hotuba. Baada ya mazishi, kimya. Yule binti wa kigogo alihitaji mtu wa kuzungumza naye kwa mwaka mzima, na hakuna sanduku la sadaka lililoandikwa "mtu wa kuzungumza naye". Nikisoma habari za Padri Bekoni nacheka kidogo, nikisoma za kuhesabu nyumba naelewa. Lakini nani anahesabu watu wa kigogo?

#9 Dereva_wa_Kasindi

Pole sana dada.

#10 Kondele_Boy

Mimi hapa huwa nakuja kuchokoza watu. Leo nimekaa kimya. Pole.

#11 Section58

Nakuru hapa. Pole dada wa Shinyalu, kweli.

Naomba niulize jambo ambalo huenda likawakera. Hivi "kuteswa kwa ajili ya imani" ni nini? Maana sisi Bonde la Ufa tumezika watu ndani ya makanisa. Kiambaa, 1 Januari 2008, kanisa la Assemblies of God limejaa akina mama na watoto, likachomwa. Waliochoma walikuwa wamebatizwa. Waliochomwa walikuwa wamebatizwa. Hao ni Wakristo wanaoteswa au siyo?

Tarehe 26 Januari mwaka huohuo aliuawa Padri Michael Kamau Ithondeka. Mwalimu wa seminari, makamu gombera wa Mathias Mulumba, Tindinyo, padri wa jimbo letu la Nakuru. Aliuawa kwenye kizuizi cha barabarani na vijana ambao pengine walikuwa na rozari shingoni. Nilikuwa kijana wa kwaya wakati ule. Uwanja wa maonyesho ulikuwa umejaa mahema, tukawa tunapika uji kwa mapipa, na hakuna aliyekuja kutoka Königstein wala Warsaw kutuambia sisi ni kanisa linaloteswa. Tuliitwa "wakimbizi wa ndani" tu.

Sasa niambieni. Padri na msomi anauawa Irak, ni shahidi. Padri na msomi anauawa Rift Valley, ni "machafuko ya uchaguzi".

#12 Mwalimu_wa_Chaki

Section58, nimekaa na swali lako tangu asubuhi. Nimefuta jibu mara mbili.

Kwenye lile basi la Mandera waliuliza shahada. Garissa waliuliza dini. Pale kizuizini 2008 hakuna aliyeuliza imani. Waliuliza jina la pili, wakaangalia kitambulisho, wakasikiliza lafudhi. Padri Ithondeka alibeba upadri wake na haukuulizwa. Kwa hiyo mimi nasema: aliuawa kwa sababu ya kabila lake, na waliomwua walitenda dhambi ambayo ni yetu sisi wenyewe, siyo ya adui wa kanisa. Nadhani hilo ni baya zaidi. Tukiliita mateso ya imani tunajisafisha.

Ndiyo maana natetea tena profesa, mtanisamehe. Mtu wa masomo analazimika kusema hiki ni hiki na kile ni kile, hata kama kapu lingejaa zaidi kwa kuvichanganya. Ukiingiza kila marehemu kwenye orodha, siku mtu akija kuikagua atakuta majina yasiyohusika na ataitupa yote, pamoja na lile la binti wa soksi.

Ustadh, na wewe. ACN hutoa ripoti ya uhuru wa dini duniani kila baada ya miaka miwili (ya kwanza ilitoka 1999), na ripoti hiyo haihesabu Wakristo peke yao. Waislamu wanaonyanyaswa wamo, Wayazidi wamo, Wabahai wamo. Kwenye kuhesabu wanahesabu wote. Kwenye kutoa pesa jina la shirika linasema wazi ni la kanisa, na padri au sista ndiye anayegawa, halafu pale mlangoni anayegonga anapewa. Mjane wa Mwalimu Farah? Kwa maoni yangu, na haya ni yangu tu, yeye ndiye wa kwanza kwenye foleni yoyote itakayoanzishwa na Mkristo wa Kenya. Tunamdai nini sisi? Hakuna. Tunadaiwa.

Binti wa Shinyalu, wewe sina jibu lako. Nimemsomea mke wangu ulichoandika.

#13 Section58

"Tunajisafisha." Sijakubali, lakini nimenyamaza. Nitarudi.

#14 Dereva_wa_Kasindi

Wakubwa, mimi si mtu wa kuandika. Naendesha trela, Kisumu, Busia, Kampala, Kasese, natokea Mpondwe naingia Kasindi, Beni, wakati mwingine Butembo. Miaka kumi na moja.

Mnaongea Irak kama iko jirani na Kongo iko mbali. Januari 2023, Jumapili tarehe 15, bomu lililipuka Kasindi kwenye kanisa la Kipentekoste, watu wako kwenye ubatizo. Nilikuwa nimepita hapo Ijumaa. Yule mama anayetuuzia sambusa na chai pale mpakani alipoteza mtu. Julai 2025 ikawa Komanda, Ituri, usiku, waumini Wakatoliki wako kanisani kwenye mkesha, zaidi ya 30 wakauawa. Kote kuwili ni waasi haohao wa ADF, kundi lililoanzia Uganda, ambao huua Waislamu pia wakiwapata shambani.

Kuhusu msaada: nimewahi kubeba. Shida si kupata vitu, shida ni maili ya mwisho. Unafika Beni na gunia 200, barabara ya mbele inahitaji msafara wa askari, msafara unatoka mara moja kwa wiki au hautoki. Unga unaingia panya. Padri wa pale ndiye anayejua nani wa kumpigia simu. Bila yeye lori ni chuma tu. Kwa hiyo huyo Padri Bekoni na kanisa lake la lori, mimi namwelewa kabisa. Alijua mzigo si mzigo mpaka umeshushwa.

#15 Kondele_Boy

Dereva umeandika vizuri kuliko mwalimu.

#16 Mama_Omena (Dunga)

Habari zenu watoto wangu. Mjukuu wangu ndiye anaandika, mimi nasema.

Nimesomewa yote tangu jana. Japuonj (mwalimu), umesema hao wakulima hawakuwa na pesa wakatoa nguruwe. Sasa kwa nini jumuiya yetu inatangaza pesa kila mara? Mimi Jumapili nilitia shilingi hamsini na nilikuwa naona aibu. Lakini nina omena. Msimu ulifunguliwa tangu Agosti, giza la mwezi lililopita tumevua vizuri, nimeanika magunia sita. Omena iliyokauka vizuri inakaa miezi. Mngeniomba omena ningetoa gunia zima bila aibu, na ningejua ni gunia.

Mnataka kupeleka mbali, sawa. Ila na hapa nchini, kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kuna watu.

#17 Binti_wa_Shinyalu

Mama, gunia zima!

#18 Mwalimu_wa_Chaki, Jumatano, saa 3:40 usiku

Nimetoka kwa Baba Paroko. HesabuKwanza, keti.

Nilimwuliza kama nilivyoulizwa: inaenda wapi. Hakukasirika. Akafungua kabati, akatoa faili la rangi ya waridi lenye vumbi. Sadaka huenda jimboni na fomu, jimbo huandika risiti, risiti hurudi. Zote zimo, miaka na miaka, zimebanwa kwa waya. Nikamwuliza kwa nini hazijawahi kusomwa kanisani. Akasema, "Mwalimu, hakuna aliyewahi kuuliza."

Jumapili atasoma ya mwaka jana kabla ya matangazo. Fundi nimempitia kibandani kumwambia. Alikuwa anafunga spoki. Akasema, "Asome na ya mwaka juzi."

Halafu nikamweleza paroko habari ya Mama wa Dunga. Pesa ziendelee njia yake, hilo halibadiliki. Lakini omena amelichukua kwa uzito. Kule Kakuma kambini Wasalesiani wa Don Bosco wako tangu miaka ya 90, ana mwanafunzi mwenzake wa seminari upande huo, amempigia nikiwa nimekaa. Wanapokea, bila kuuliza nani Mkristo. Watu wa kule wametoka Sudan Kusini, Kongo, Somalia, Burundi, na baadhi wamekimbia hayohayo tunayoyajadili. Na, Binti wa Shinyalu, nilimwuliza na la kwako. Alisema wanao washauri wanaokaa na watu. "Kukaa na watu" ndilo neno alilotumia.

Tunahitaji: magunia, mizani ya uhakika, na usafiri Kisumu mpaka Kitale, kisha Lodwar.

#19 HesabuKwanza

Mizani ninayo, imekaguliwa na serikali mwaka huu. Naleta mwenyewe Jumamosi, na daftari. Kila gunia litaandikwa nani katoa na kilo ngapi. Na likishushwa Kakuma nataka picha na sahihi, wadau, siyo "Mungu awabariki".

#20 Ustadh_wa_Mumias

Andika gunia tatu za mahindi kutoka Mumias, yaliyokauka. Watoto wa madrasa watapukuchua. Mkishusha, msiseme yametoka kwa nani.

#21 Section58

Nimerudi. Sijakubali bado kuhusu Padri Ithondeka, tutaendelea siku nyingine. Maharagwe gunia mbili, nitayaacha kwa HesabuKwanza, tunakaa mtaa mmoja.

#22 Dereva_wa_Kasindi

Kitale mpaka Lodwar nina rafiki anapeleka saruji, nafasi ya juu ipo. Kisumu mpaka Kitale nabeba mimi. Ila Mama, omena lifungwe gunia mbili mbili na kamba juu, na karatasi ya nailoni katikati. Mara ya mwisho nilibeba lililofungwa ovyo, paka wa Kasese walinifuata mpaka mpakani.

#23 Mama_Omena

Nafunga mwenyewe. Hao paka waambie waje Dunga.

#24 Kondele_Boy

Na mimi niwekwe kwenye kupakia. Jumamosi saa ngapi?